Kibodi Iliyoitika kwenye GRUB Ikanyamaza Ndani ya Linux

Mtu akikuambia kwamba kibodi ya kompyuta yake mpakato imekufa baada ya kuweka Linux, usianze kumpa amri za kuandika. Muulize kwanza imekufa kuanzia wapi. Kwenye menyu ya BIOS vitufe vya mishale vinafanya kazi? Kwenye orodha ya GRUB, programu ndogo ya kuchagua mfumo wa kuwasha, kabla kerneli (moyo wa Linux) haijapakiwa, anaweza kupanda na kushuka? Na pale anapoombwa nywila ya diski, je? Laiti mtu angeniuliza hayo siku ya kwanza, ningebaki na shilingi elfu tisini zangu na nisingechelewesha kazi za wateja. Naandika kwa ajili ya yeyote atakayejikuta mbele ya mashine isiyosikia vidole vyake.

Kazi yangu ni kuchapa na kuhariri hati, hapa Dar es Salaam. Kompyuta yenyewe niliinunua Kariakoo ikiwa imetumika kidogo, ya toleo la karibuni, na kama nyingi zinazouzwa pale ilikuwa imepitia Dubai. Muuzaji aliiwasha mbele yangu ikiwa na Windows, nikachapa aya nzima, kila kitufe kikaitika. Nilipofika nyumbani nikaifuta Windows na kuweka Linux, na tangu kwenye programu ya usakinishaji kibodi ikawa kimya kabisa. Padi ya mguso ilifanya kazi bila shida. Kibodi ya nje ya USB niliyoazima kwa jirani nayo ilifanya kazi, na ndiyo niliyomalizia usakinishaji. Ile ya ndani haikuandika hata herufi moja, na taa ya Caps Lock haikuwaka nilipobonyeza kitufe chake.

Taa hiyo ina mengi ya kusema. Kibodi haijiwashii taa yenyewe. Ni mfumo endeshi unaopokea habari kwamba kitufe kimebonyezwa, kisha unairudishia kibodi amri ya kuwasha taa. Isipowaka, maana yake safari ya kwenda na kurudi imekatika mahali fulani, ingawa taa peke yake haiwezi kukuonyesha ni wapi.

Fundi niliyempelekea aliiwasha, akabonyeza vitufe, akatikisa kichwa. "Dada, hapa hakuna ujanja, kibodi imekufa, tubadilishe." Nikamweleza kwamba dukani iliandika vizuri. Akasema utepe wa kuunganishia unaweza kuwa umelegea njiani, na kwamba hata hivyo kibodi za aina hii hazidumu. Hoja yake haikuwa ya kijinga, kwa kuwa utepe hulegea kweli. Kibodi mpya ikafungwa, nikalipa, na mashine ikabaki vilevile: kimya ndani ya Linux, taa haiwaki. Ni wakati ule tukiwa tumesimama mezani kwake, mashine ikijiwasha upya, nilipobonyeza mshale wa chini kwa mazoea na kuona mstari mweupe wa GRUB ukishuka. Nikapandisha, ukapanda. Nikachagua mstari wa kwanza kwa Enter ya kibodi hiyo hiyo iliyokuwa kimya ndani ya Linux, kerneli ikaanza kupakiwa, na kuanzia hapo kukawa kimya tena.

Kilichofanya kazi kwenye GRUB hakiwezi kuwa kimekufa. GRUB inaisikiliza kibodi kupitia programu dhibiti ya mashine yenyewe, ile tunayoendelea kuiita BIOS hata pale ambapo kwa kweli ni UEFI, mrithi wake. Kerneli ikishika usukani, inaachana na msaada huo na kutumia viendeshi vyake. Kwa hiyo vitufe, utepe na chipu inayovihudumia vilikuwa vizima, na hitilafu ilikuwa baada ya mpaka huo. Tangu hapo sikugusa tena bisibisi.

Ili uelewe majaribio niliyoyafanya, inafaa kujua safari ya kitufe kimoja. Katika kompyuta mpakato nyingi, kibodi ya ndani haiko kwenye USB. Iko kwenye chipu ndogo inayojifanya kuwa mdhibiti wa 8042, chipu ya Intel iliyotumika kwenye IBM AT mwaka 1984, na watengenezaji wamekuwa wakiiga tabia zake hadi leo. Ukibonyeza herufi, chipu hiyo huweka msimbo wa kitufe kwenye poti ya 0x60, kisha huinua mkono kwa katizo namba 1, yaani ishara inayokiambia kichakataji kiache kinachofanya na kuja kusoma. Kiendeshi kinachoitwa i8042 husoma msimbo, hukikabidhi kiendeshi cha atkbd, nacho hutoa tukio kwenye faili mojawapo ndani ya folda ya /dev/input. Baada ya hapo ndipo libinput (maktaba inayotafsiri matukio hayo), mazingira ya dawati na mpangilio wa vitufe huingia. Kerneli inaishia kwenye /dev/input. Yaliyo juu yake si yake.

Mpaka huo wa /dev/input ndio mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu unaikata safari katikati. Sakinisha programu ya evtest, iendeshe kwa sudo, chagua kifaa kwenye orodha, bonyeza vitufe. Ukiona mistari ya matukio inashuka kila unapobonyeza, kerneli imetimiza wajibu wake na unapaswa kutafuta juu: mpangilio wa lugha, mipangilio ya ufikivu, au dawati lenyewe. Rafiki yangu mmoja alikuwa tayari kusakinisha mfumo upya kwa sababu vitufe vyake vilikuwa haviandiki hadi avishikilie muda mrefu, na evtest ilipoonyesha matukio yote yanafika, tukagundua kwamba alikuwa amewasha Slow Keys bila kujua. Katika baadhi ya mazingira kushikilia Shift kwa sekunde 8 kunatosha kuiwasha. Vilevile wapo wanaolalamika kwamba padi ya mguso inaganda wakiwa wanachapa, ilhali ni libinput inayoizima kwa makusudi ili kiganja kisirushe kishale.

Kwangu mimi evtest ilionyesha kifaa kwenye orodha, kwa jina lake la kawaida la "AT Translated Set 2 keyboard", lakini hakuna tukio hata moja lililotokea. Ulikuwa ushahidi wa ajabu kidogo. Kerneli ilikuwa imeitambua kibodi, imeipa jina, imekifungulia kiendeshi chake mlango, lakini hakuna kilichopita mlangoni.

Hapa ndipo watu wengi, nami nikiwamo, huingia kwenye msitu wa vigezo vya kuwashia. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa uongeze i8042.reset, mwingine atasema i8042.nomux, wa tatu i8042.nopnp, wa nne atakupa vyote pamoja na i8042.dumbkbd na atkbd.reset, bila mmoja wao kukueleza vinafanya nini. Nilivijaribu. Kabla hujavijaribu wewe, jua maana yake: reset huilazimisha kerneli kumwanzisha upya mdhibiti wakati wa kuwasha, nomux huizuia isijaribu kugawa poti ya kipanya katika njia nyingi, nopnp huiambia isiulize ACPI (maelezo ya vifaa yaliyowekwa na mtengenezaji ndani ya mashine) mdhibiti yuko wapi, iende moja kwa moja kwenye poti za zamani, dumbkbd huifanya ichukulie kwamba kibodi inaweza kusomwa tu na haiwezi kupewa amri, na hivyo taa zake huachwa. Vigezo hivi vina kazi halali kwenye mashine zenye magonjwa hayo, ila kuvimeza vyote kwa pamoja kunaweza kukuletea hitilafu ya pili juu ya ile ya kwanza. Ukijaribu, jaribu kimoja kimoja, na ujaribu kwa kubonyeza herufi e kwenye menyu ya GRUB ili mabadiliko yapotee ukizima mashine, badala ya kuyaandika kwenye faili la kudumu.

Kuna ujumbe mmoja wa kerneli unaowapotosha wengi katika hatua hii. Ukiandika `sudo dmesg | grep i8042`, amri inayotafuta jina hilo ndani ya kumbukumbu za kerneli, unaweza kuona mstari usemao kwamba poti ya AUX inaonekana kuzimwa, na kama si kweli basi uwashe kwa i8042.nopnp. Unasomeka kama utambuzi wa ugonjwa pamoja na dawa yake. Lakini AUX ni poti ya kipanya cha zamani, na kwenye mashine ambayo padi ya mguso iko kwenye njia nyingine ya kuunganishia vifaa iitwayo I2C, kama yangu, poti hiyo haina mwenyewe na kuzimwa kwake ni jambo la kawaida. Hiyo pia ndiyo sababu padi ilikuwa hai huku kibodi ikiwa kimya: haziko kwenye njia moja wala hazitumii katizo moja.

Jibu lilitoka kwenye faili ambalo hakuna aliyenielekeza, nami nalitaja kwa msisitizo kwa kuwa linasomeka bila ujuzi wowote wa kuandika programu. Faili hilo ni /proc/interrupts. Kila mstari ni katizo moja, na nambari zilizo katikati ni idadi ya mara ambazo kila kiini cha kichakataji kimelihudumia tangu mashine iwashwe. Tafuta mstari unaoanza na 1 na kuishia na neno i8042. Soma nambari zake, bonyeza vitufe vingi vya kibodi ya ndani, soma tena. Kwenye mashine nzima nambari hupanda kila unapobonyeza na kila unapoachia. Kwenye yangu hazikupanda hata moja. Kwa maneno mengine, kiendeshi kilikuwa kimeketi tayari kusoma lakini hakuna aliyekigongea. Hitilafu ilikuwa imebanwa kati ya chipu na kiendeshi, kwenye laini ya katizo yenyewe, na vigezo vyote vile vya i8042 na atkbd havikuwa na uwezo wa kuifikia.

Nikarudi kwenye dmesg, safari hii nikitafuta "IRQ 1" badala ya jina la kiendeshi, na huo hapo mstari: `ACPI: IRQ 1 override to edge, high(!)`. Alama ya mshangao kwenye mabano si pambo. Kerneli huiweka pale inapochagua jambo tofauti na lile lililoandikwa na programu dhibiti.

Maelezo yake ni haya, na mimi mwenyewe ilinibidi kuyasoma zaidi ya mara moja. Majedwali ya ACPI ambayo mtengenezaji huyaweka ndani ya mashine huieleza kerneli kila kifaa kinatumia katizo gani na ishara yake ina sura gani: inapanda au inashuka. Katika mashine za zamani, maelezo hayo kwa makatizo ya enzi ya ISA (njia ya zamani ya kuunganishia vifaa) yalikuwa mara nyingi si ya kuaminika, kwa hiyo kerneli ilijifunza kuyapuuza na kuchukulia desturi ya siku zote, kwamba ishara inapanda. Katika baadhi ya mashine mpya mtengenezaji ameandika kwamba katizo namba 1 linashuka, na safari hii anasema kweli. Kerneli, kwa mazoea yake, haimwamini. Basi mtu anabonyeza herufi, chipu inaishusha laini na kuishikilia chini hadi msimbo usomwe kwenye poti ya 0x60, wakati kerneli haitasoma poti hiyo hadi ione laini ikipanda. Wanafanana na watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie, na hakuna anayepita. Windows hufuata maelezo ya jedwali, ndiyo maana dukani kila kitu kilikuwa sawa.

Kwa mashine za namna hii, waandishi wa kerneli wameweka orodha ya ubaguzi ndani ya faili liitwalo drivers/acpi/resource.c. Ni jedwali la kampuni na majina ya ubao mama. Mashine ikiwa ndani ya orodha, kerneli huacha desturi yake na kufuata alichoandika mtengenezaji. Jina la ubao wako unalipata kwa `cat /sys/class/dmi/id/board_name`, bila hata sudo. Kisha unafungua faili hilo katika toleo jipya kabisa la kerneli kwenye git.kernel.org na kulitafuta jina. Ukilikuta, kazi yako imekwisha kabla haijaanza: unahitaji kerneli mpya zaidi tu, na mifumo mingi ina njia rasmi ya kuipata. Langu halikuwamo. Ndugu zake wa karibu walikuwamo, yaani mashine za familia ile ile zilizotofautiana kwa herufi moja au mbili, jambo lililonithibitishia kwamba nilikuwa kwenye njia sahihi.

Ikabaki kujijengea kerneli yenye mstari wa ziada. Kwa mtu ambaye si mhandisi neno hilo linatisha, ila mabadiliko yenyewe yalikuwa ya kunakili maingizo ya ubao jirani na kubadilisha jina. Taabu ilikuwa kwenye yaliyolizunguka. Kifurushi cha msimbo wa kerneli kilichobanwa kina zaidi ya MB 100, ambazo kwa bando la simu unaweza kuzimudu; usikubali kuvuta historia nzima ya git, kwa kuwa hiyo ni GB nyingi na hutaihitaji. Diski nayo iwe na nafasi ya kutosha, makumi ya GB ukitumia mipangilio kamili ya mfumo wako. Ujenzi uliichukua mashine yangu usiku kucha. Umeme ukikatika katikati usifadhaike. Ukirudia amri ile ile ya make, huendelea na sehemu zilizobaki.

Kuna amri iitwayo `make localmodconfig` inayopunguza kazi kwa kujenga tu moduli (vipande vya kerneli, kama viendeshi) zilizopakiwa wakati huo, na inaokoa saa nyingi. Ina mtego wake. Mimi hupata intaneti kwa kuunganisha simu kwa waya wa USB, na simu haikuwa imechomekwa nilipoiendesha, hivyo moduli ya kuitambua haikujengwa. Kerneli mpya ikawaka, kibodi ya ndani ikaandika kwa mara ya kwanza, nikapiga kelele ya furaha, kisha nikagundua sina mtandao. Kabla ya amri hiyo chomeka kila kitu unachokitumia: simu, kipanya, kibodi ya nje, printa, hata kijiti cha Bluetooth.

Mitego mingine miwili ni ya kawaida sana kiasi kwamba nitaitaja kwa ufupi. Ukichukua mipangilio ya kerneli ya Debian au Ubuntu, ujenzi unaweza kukwama ukilalamikia faili la vyeti lisilokuwapo. Ufumbuzi ni kuiacha tupu thamani ya SYSTEM_TRUSTED_KEYS, na ile ya SYSTEM_REVOCATION_KEYS, ndani ya faili la .config. Na kama Secure Boot imewashwa, kerneli uliyoijenga mwenyewe haitakubaliwa kuwaka kwa kuwa haina saini inayotambulika. Unaweza kuisaini kwa ufunguo wako, au ukaizima Secure Boot kwa muda. Mimi niliizima, huku nikijua ninachokiacha.

Kabla ya jaribio lolote la namna hii, hakikisha una njia ya kuingia endapo mambo yataharibika. Usiifute kerneli ya zamani kwenye orodha ya GRUB. Washa huduma ya SSH ili uweze kuiingia mashine kutoka kwenye simu au kompyuta nyingine. Ukitaka kuondoa moduli na kuirudisha, andika amri zote mbili katika mstari mmoja, kwa mfano `sudo modprobe -r psmouse; sudo modprobe psmouse`, kwa sababu ukiondoa moduli inayohudumia kibodi unayoichapia, kwa mfano usbhid, amri ya kuirudisha utaiandika kwa nini? Tena, kama diski yako imesimbwa kwa nywila, kumbuka kwamba nywila huombwa kabla mfumo wenyewe haujapatikana, na wakati huo kerneli ina viendeshi vile tu vilivyofungashwa kwenye initramfs, yaani mfumo mdogo wa muda wa kuwashia. Baadhi ya mifumo hufungasha viendeshi vya vifaa vilivyokuwepo siku ya kufungasha, hivyo ukiifungasha bila kibodi ya USB kuchomekwa, siku utakapoihitaji itakuwa bubu mbele ya swali la nywila. Kwenye mfumo wa Arch, kwa mfano, inatosha kuliweka neno keyboard kabla ya autodetect kwenye orodha ya HOOKS ya mkinitcpio, programu inayoifungasha initramfs.

Kuwa na kerneli inayofanya kazi hakukunitosha, kwani kila sasisho la usalama lingenidai usiku mwingine wa ujenzi. Nikaamua kuripoti. Hili lilikuwa ndilo jambo geni kuliko yote, na nililiogopa bila sababu. Ndani ya msimbo wa kerneli kuna programu ndogo, scripts/get_maintainer.pl, ambayo ukiipa jina la faili hukutajia wanaolitunza na orodha ya barua pepe inayohusika. Vifaa vya kuingizia kwa ujumla viko chini ya Dmitry Torokhov, ila hitilafu yangu ilikuwa ya ACPI, na kuituma kwa watu wa kibodi kungekuwa kupeleka barua kwa mtaa wa jirani. Barua iwe ya maandishi matupu. Seva za vger zinazohudumia orodha hizo hukataa barua yenye HTML, na programu nyingi za barua hutuma HTML bila kukuuliza. Ambatanisha dmesg nzima, si mistari mitatu uliyoipenda. Ukiombwa matokeo ya acpidump na dmidecode, yatoe, lakini kwenye dmidecode futa kwanza namba ya mfululizo ya mashine na UUID, kwa sababu orodha hizo ni za wazi na huhifadhiwa milele.

Utaombwa pia kujaribu kerneli mpya kabisa isiyo na nyongeza za mfumo wako, na watu hulikasirikia ombi hilo wakidhani wanazungushwa. Si hivyo. Anayesoma ripoti yako hawezi kujua Debian au Ubuntu wamebadilisha nini, na hitilafu inaweza kuwa imekwisha kurekebishwa. Kwa kuwa nilikuwa nimejenga tayari, jaribio hilo lilinigharimu usiku mmoja zaidi na bando jingine. Majibu niliyoyapata yalikuwa mafupi na makavu kidogo kwa mtu aliyezoea kusalimiwa kwanza, lakini yote yalikuwa ya msaada. Nikaulizwa kama ningependa kutuma mabadiliko yenyewe kwa jina langu. Nikatuma kwa git, pamoja na mstari wa Signed-off-by unaothibitisha kwamba nina haki ya kuyatoa, nikaambiwa nirekebishe maelezo, nikarekebisha, yakapokelewa.

Wakati nikisubiri nilipata kesi nyingine ya kipanya, na naisimulia kwa kuwa njia ya kuitafuta ni ile ile. Jirani aliyeniazima kibodi alilalamika kwamba kipanya chake cha USB kinaganda akikiacha kidogo, na hakiamki hadi akibonyeze. Alishanunua kingine, nacho kikafanya vilevile. Tukaendesha evtest: kipanya kikiwa kimeganda, hakuna tukio, akibonyeza, matukio yanamiminika. Kifaa kilikuwa kinalazwa. Kwa kawaida kerneli haivilazi vipanya vya USB, ila alikuwa na powertop, programu ya kuokoa umeme, iliyowekwa kujiendesha kila mashine inapowaka kwa chaguo la auto-tune, na chaguo hilo huwasha uokoaji wa umeme kwa kila kifaa bila kubagua. Kuandika neno on kwenye faili la power/control la kifaa hicho, ndani ya /sys/bus/usb/devices, kulimaliza tatizo papo hapo, na kuiondoa ile auto-tune kukalimaliza kabisa.

Padi yangu ya mguso nayo ilikuja kunisumbua baadaye, ikizimika baada ya mashine kuamka usingizini, si kila mara. Hiyo haihusiani na katizo namba 1. Kuondoa na kurudisha moduli ya i2c_hid_acpi huiamsha, nami nimeiwekea hati fupi inayojiendesha mashine inapoamka. Ni kiraka, si tiba, na nimeridhika nacho kwa sasa. Kwenye mashine za zamani, ambazo padi iko kwenye PS/2, njia ya zamani ya kibodi na kipanya, moduli ya kuondoa na kurudisha ni psmouse, na dalili utakayoiona kwenye dmesg ni maneno "lost sync".

Rekebisho la kibodi lilipita kwanza kwenye kerneli kuu, kisha likarudishwa kwenye matoleo ya kudumu, kwa sababu kanuni ya watunzaji wa matoleo hayo hairuhusu kwenda kinyume chake. Likanifikia kupitia sasisho la kawaida la mfumo, bila tangazo. Nilijua tu kwa kuwa niliuchagua mstari wa kerneli rasmi kwenye GRUB kujaribu, nikaandika nywila kwa kibodi ya ndani, nikaingia. Nikatazama /proc/interrupts kwa uhakika zaidi, nambari zilikuwa zinapanda. Nikaondoa kifurushi cha kerneli niliyoijenga, nikafuta folda ya msimbo iliyokuwa imekula diski, na nikaingia kwenye menyu ya BIOS kuirudisha Secure Boot.